Niliiangusha Rumi Kila Mwaka Kabla ya Uji

Wanangu mlioajiriwa juzi kufundisha historia, hongereni na poleni. Mimi niliiangusha Rumi kila mwaka kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa kawaida kipindi cha nne, kabla ya uji. Yale makabila ya kaskazini yaliifanya kazi hiyo kwa vizazi na kwa damu nyingi. Mimi nilikuwa na chaki na njaa. Harufu ya uji ikianza kuingia dirishani, majeshi yangu yaliongeza mwendo, na kengele ilipolia hapakuwa na Mrumi aliyebaki amesimama.

Rumi yenyewe haikuwa na nafasi kubwa kwenye muhtasari. Muhtasari ulitaka Misri, Kushi, Aksum, Ghana, Mali, Songhai, na kule kusini Mwenemutapa. Rumi niliichomeka mwenyewe kwa sababu niliisoma chuoni na nilitaka watu wajue kwamba nimesoma. Nilifundisha hapa Karatu, na wanafunzi waliniita Madam Anguko. Kwa muda mrefu nilidhani ni jina la heshima, mpaka asubuhi moja nilipoteleza kwenye tope mbele ya mstari na shule nzima ikapiga makofi.

Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa kama viatu vya kuazima: nilitembea nacho, lakini si mbali. Kwa hiyo dola zangu ziliinuka kwa Kiingereza, zikaanguka kwa Kiswahili, na mambo yalipokuwa mabaya kabisa, zikazikwa kwa Kiiraqw, lugha yetu sisi Wambulu.

Aliyenilea kazini ni marehemu Mwalimu Gwandu, mtu wa Endabash, mfupi, mwenye koti ambalo mfuko wake mmoja ulikuwa mweupe kwa vumbi la chaki. Alinifundisha mambo mawili. La kwanza ni jedwali. "Chora mistari," aliniambia. "Huku andika jina la dola, hapa sababu za kuinuka, pale sababu za kuanguka. Mtoto akinakili jedwali anadhani ameelewa, na wewe utadhani umefundisha. Mtalala wote vizuri." La pili lilikuwa namna ya kujiokoa. Mwanafunzi akikuuliza swali usilolijua, alisema, usibabaike wala usikohoe. Tabasamu, sema, "Swali zuri sana, nenda kalifanyie utafiti," kisha geukia ubao. Hakuna mtoto atakayekwenda kufanya utafiti.

Kwa miaka mingi mambo hayo mawili yalinitosha. Jedwali langu lilikuwa zuri kiasi kwamba lilifaa dola yoyote. Uongozi dhaifu, ugomvi wa kurithi madaraka, eneo kubwa mno, kupotea kwa biashara, maadui wa nje. Niliwapa Ghana, ikaenea. Niliwapa Songhai, ikaenea. Mwaka mmoja mradi wa kuku wa shule ulikufa, na mwanafunzi mmoja akaandika ubaoni sababu hizo hizo tano, na kwenye "maadui wa nje" akaongeza kicheche. Nilikasirika sana. Kisha nikazipitia moja moja na nikaona kwamba amepata zote.

Ramani nayo ilinitesa. Siku mkaguzi alipokuja kukaa nyuma ya darasa, nilichora Afrika Magharibi kwa kichwa, kwa mbwembwe, mkono mmoja nyuma. Nikaiweka Timbuktu baharini. Mkaguzi aliniuliza kwa upole kama watu wa huko walikuwa wavuvi. Nikamwambia walikuwa na uvuvi kiasi. Tangu siku hiyo najua, na ninyi shikeni hili: chora Mto Niger kwanza, na ile kona yake kubwa inayopanda kaskazini, ndipo utundike miji juu yake. Ukianza na miji utaizamisha.

Sasa niwaeleze habari ya Naserian, maana ndiyo iliyonivunjia jedwali.

Alikuwa binti wa kidato cha tatu, wa bweni, mtu wa Piyaya, ng'ambo kabisa ya nyanda za Ngorongoro. Mwembamba, mkimya, anakaa karibu na ukuta. Siku hiyo nilikuwa nimejaza ubao kwa dola nne zilizoanguka sambamba, na nilikuwa nimesimama pembeni kidogo ili waone kazi nzuri. Akanyoosha mkono.

"Madam, hao watu wa Rumi. Wa mwisho kujua kwamba imeanguka alikuwa nani?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa natafuta jibu na silioni. Nilijua mfalme wa mwisho ni nani, nilijua nani alimwondoa. Lakini wa mwisho kujua? Huko mashambani, mbali na mji, nani alikuwa bado anaamka asubuhi akidhani dola ipo? Ndipo nikanusa uji.

"Swali zuri sana," nikasema, nikitabasamu. "Likizo fupi ijayo, nenda kalifanyie utafiti."

Likizo fupi ikaja, ikaisha. Wanafunzi wakarudi na magodoro na ndoo zao. Naserian hakurudi. Siku za kwanza sikuwa na wasiwasi, maana njia ya kule ni ndefu na magari ni ya kubahatisha. Juma likapita. Simu ya baba yake haikupatikana. Nikamwita Rehema, msichana aliyelala kitanda cha juu yake, nikamwuliza kama mwenzake alisema lolote kabla ya kuondoka.

"Alikuwa hataki kwenda nyumbani, madam," Rehema akasema. "Alitaka kubaki hapa bwenini, alisema akifika kwao hatarudi. Lakini akasema umempa utafiti, na wa kumwuliza yupo nyumbani tu. Bibi yake."

Nilikaa kwenye kiti. Mimi, mwalimu wa historia, nilikuwa nimemtuma mtoto mahali alipokuwa anapaogopa, kwa sababu ya uji.

Mkuu wa shule alisema tusubiri. Nikasema sisubiri. Akasema gari la shule ni bovu. Nikasema dereva naye anajua kwamba ni bovu, kwa hiyo hatashangaa. Mwishowe akanipa lile Land Rover kuukuu pamoja na Athumani, dereva wetu, mzaliwa wa Singida aliyekuja Karatu ujanani kuchuma kahawa na hakurudi tena kwao. Athumani alikuwa mtu wa ushauri mwingi. "Mwalimu, kwa wale wazee huendi mikono mitupu," aliniambia. Tukanunua sukari mfuko mzima, majani ya chai, tumbaku, na blanketi jekundu zuri. Nikavaa gauni langu la kanisani na kitenge kipya ili nionekane mtu wa maana.

Tulipanda msitu kwa ukungu, gari likilalamika. Juu, ukingoni mwa kreta, watalii walikuwa wamesimama kwenye baridi wakipiga picha. Mimi nilipita nimeshika dashibodi kwa mikono miwili, nikiitunga hotuba. Tuliteremka ng'ambo, nchi ikafunguka, nyasi zikawa fupi kisha zikawa hazipo, maana mwaka ule mvua ilikuwa imekataa. Kila boma tulilopita, nilijiambia: atakuwa ameshaolewa. Kila kilima, nilibadilisha sentensi moja ya hotuba. Niliamini kwamba nikimweleza baba yule kwa utaratibu jinsi dola za kale zilivyoinuka kwa elimu, atanikabidhi mtoto huku akinishukuru.

Tulifika mchana, jua kali. Baba yake Naserian, Mzee Lekishon, alitoka kutupokea, mtu mrefu mwenye shuka la bluu na fimbo. Njiani Athumani alikuwa amenifundisha salamu za Kimaasai, moja ya wanaume na moja ya wanawake. Nikampa mzee ile ya wanawake, kwa sauti kubwa. Wanawake waliokuwa mlangoni mwa nyumba wakaanguka wakicheka. Mzee akanijibu kwa Kiswahili chake cha mnadani, kwa upole tu, "Karibu, mama. Kaa. Chai inakuja."

Athumani akashusha vitu. Mzee akaangalia mfuko wa sukari, akaangalia tumbaku, akaliangalia blanketi, kisha akaniangalia mimi na kitenge changu kipya. Akamtuma mtu amwite ndugu yake. Ndugu yake akaja, akakaa, naye akaangalia sukari.

"Mmekuja vizuri," mzee akasema. "Mmekuja kwa heshima. Lakini mmechelewa kidogo."

"Hatujachelewa, mzee," nikasema haraka. "Mtihani bado."

"Mtihani?" Akafikiri. "Kwenu kuna mtihani? Haya. Na kijana mwenyewe yuko wapi?"

"Kijana yupi?"

"Kijana yako. Ana ng'ombe? Nyinyi Wambulu mna ng'ombe, lakini kidogo. Na kwenu mama ndiye anakuja? Baba wamekwisha?"

Athumani akainama sikioni kwangu. "Mwalimu," akanong'ona, "huyu mzee anadhani tumekuja kuposa."

Uso wangu ulipata moto. Mwanangu wa pekee wa kiume wakati huo alikuwa darasa la sita, na jambo alilolipenda duniani lilikuwa mpira. Nikajieleza kwa mzee kwamba mimi ni mwalimu wa Naserian, nimekuja kumfuata arudi shule, na sukari ni ya heshima tu.

"Ya heshima inakuwa pakiti," mzee akasema. "Hii ya mfuko ni ya posa." Akacheka, ndugu yake akacheka, nami nikacheka. Kisha akaacha kucheka, akanieleza kwa nini tumechelewa. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Loliondo, mtu mwenye lori. Ukame ulipozidi, lori lile ndilo lililowapeleka ng'ombe wa mzee mnadani kabla hawajafa wote. Mtu huyo alikuwa ameshaleta blanketi lake na sukari yake, na maneno yalikuwa yamekubaliwa. Mvua ikinyesha, Naserian anakwenda.

"Yeye alinisaidia," mzee akasema. "Shule ilinisaidia nini?"

Hapo ndipo nilipotoa hotuba. Wanangu, nawaombeni, msije mkafanya hivyo. Nilianza na Misri. Nikaja Aksum. Nilipofika Mali nilikuwa nimesimama, nikamweleza mzee juu ya Timbuktu na wanazuoni wake, na jinsi dola ile ilivyong'ara kwa sababu ya elimu na dhahabu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikata hata mara moja. Wazee wale wana adabu sana.

"Hao watu wa Mali," akaniuliza, "walikuwa na ng'ombe?"

"Walikuwa na dhahabu, mzee."

"Najua. Lakini ng'ombe."

"Nadhani walikuwa nao."

"Nani alichunga, kama wote walikuwa wanasoma?"

"Sijui, mzee."

Akamtazama ndugu yake kwa huruma. "Ndiyo sababu walianguka," akasema, na kwa maoni yake kikao kilikuwa kimekwisha.

Nikaona mtoto anapotea mbele ya macho yangu, nikashikwa na hofu, na kwa hofu hiyo nikafanya kosa kubwa kuliko la Timbuktu. Nikasema, kwa sauti ya darasani, kwamba sheria ya nchi hairuhusu mwanafunzi kuozwa, na kwamba nikitoka pale naweza kwenda moja kwa moja serikalini. Yote yalikuwa kweli. Lakini niliyasema nikiwa nimerudi kukaa kwenye kigoda chake, na kikombe chake cha chai mkononi.

Ndugu yake akasimama. Wanawake wakaacha kuzungumza. Mzee Lekishon akauweka mguu wake pembeni ya ule mfuko.

"Mama," akasema taratibu, "umeleta sukari au umeleta pingu?"

Nikakitua kikombe chini. Athumani naye, ambaye njia nzima hakunyamaza, alikuwa anatazama tairi la gari.

Ndipo Naserian akatokea langoni na dumu la maji mgongoni. Aliponiona alilishusha, akaja karibu mbio, akamwinamia baba yake amguse kichwa, akamwinamia na baba mdogo, kisha akanigeukia mimi. Nilidhani atalia. Nilikuwa tayari kulia pamoja naye.

"Madam," akasema, "nimepata jibu."

"Jibu gani?"

"La utafiti."

Mbele ya wanaume wale, jua likiwa utosini, akanipa utafiti wake. Alizungumza Kiswahili kwa ajili yangu na kila mara akaweka Kimaasai kwa ajili ya mlango wa nyumba, ambako bibi yake, waliyemwita Koko, alikuwa amekaa amefunikwa shuka, mzee sana, jicho moja limefunga ukungu. Koko alikuwa amemsimulia habari ya miaka ile mibaya, zamani za bibi wa Koko mwenyewe, ambayo wao huiita emutai, wakati ugonjwa ulipowamaliza ng'ombe, ikaja ndui, ikaja njaa, na Wamaasai waliokuwa wanaogopwa nchi nzima wakawa wanatembea kuomba chakula kwa wakulima. Huyo bibi wa Koko wakati ule alikuwa msichana mdogo wa kuchunga ndama.

"Ng'ombe walikwisha wote," Naserian akasema. "Lakini baba ya yule msichana, kila asubuhi alikuwa anaondoa miiba langoni mwa zizi, na jioni anairudisha. Zizi lilikuwa tupu. Mke wake alijua mambo yamekwisha. Watoto walijua, maana maziwa hayakuwepo. Yeye aliendelea kufungua na kufunga. Kwa hiyo, madam, mimi nadhani hata Rumi ilikuwa hivyo hivyo. Wa mwisho kujua si mfalme. Ni mtu aliyekuwa na kazi ya kufanya kila siku, na hakuna aliyemwambia aache."

Nilikuwa nimesoma vitabu vingi juu ya Rumi. Nikawaza wale askari wa mipakani huko mbali, wanalinda zamu usiku na mchana, na makao makuu hayapo tena. Nikatafuta safu ya kuliweka jambo hilo kwenye jedwali langu na haikuwepo.

Mzee Lekishon alikuwa amesahau kwamba amenikasirikia. "Si kweli," akamwambia binti yake. "Huyo mtu wa lango ni wa ukoo wetu. Alikuwa tajiri. Baba aliniambia alikuwa na ng'ombe wa kujaza bonde."

Naserian akanitafsiria. Koko akajibu kutoka mlangoni neno fupi.

"Anasema alikuwa tajiri, halafu hakuwa," Naserian akasema.

Mzee akamgeukia mama yake, wakaanza kubishana kwa Kimaasai, yeye akitaja rika fulani la morani, Koko akimtajia jingine. Ndugu yake, aliyekuwa amesimama kwa hasira, akakaa tena ili achangie. Sikuelewa hata neno moja, lakini kelele za namna ile nazifahamu. Ni kelele za darasa lililosahau kengele. Katika maisha yangu ya kazi nilikuwa nimezisikia mara chache mno, na kila mara lilikuwa darasa la mwalimu mwingine.

Mwishowe mzee akauliza jambo kwa sauti ya chini, na Koko akaongea kwa muda mrefu huku akimwelekezea Naserian mkono. Alipomaliza, wanawake wakaguna. Nikamwuliza binti amesema nini.

Naserian aliona haya. "Anasema katika nyumba hii yote hakuna aliyekuja kukaa naye kumwuliza mambo ya zamani mpaka nilipokuja na swali la madam. Anasema bado hajafika nusu. Kama nikiolewa Loliondo, atamsimulia nani? Lakini wa shule wanarudi kila likizo. Anataka niwe narudi kila likizo, na maswali mengine."

Haikuwa hotuba ya haki za mtoto wa kike. Bibi yule alikuwa hataki kupoteza msikilizaji, basi. Lakini nilimwona Mzee Lekishon akiangalia chini, akichora mstari kwenye vumbi kwa ncha ya fimbo. Msione lilikuwa jambo dogo kwake. Yule mtu wa lori angechukia, na ukame ulikuwa haujaisha.

"Mama yangu ameniharibia," akaniambia baadaye, tukiwa wawili. "Nikikataa wewe, unaondoka. Nikikataa yeye, tunakaa naye hapa." Akavuta pumzi. "Amalize shule kwanza. Huyo wa Loliondo nitazungumza naye mimi. Sukari yako ichukue."

"Ibaki, mzee," nikasema. "Ni ya heshima."

"Ni nyingi," akasema, lakini aliibakiza.

Kabla hatujaondoka nilimwomba radhi kwa yale maneno ya serikali. Akasema hayo ni maneno ya mtu aliyeogopa, na yeye pia alikuwa ameogopa. Yule mfanyabiashara hakumsafirishia tena ng'ombe. Mwaka ule Mzee Lekishon aliwaswaga kwa miguu mpaka mnadani, na baadhi walikufa njiani. Nililijua hilo baadaye sana, si kwa kuambiwa naye.

Naserian alirudi nasi, kwenye kiti cha nyuma, akilala kichwa kikigonga kioo. Mimi nilianza kazi upya, mtu mzima na mvi zangu. Msinielewe vibaya, jedwali sikulitupa, kwa sababu mtihani wa taifa haukwenda Piyaya. Lakini nililipeleka mwisho. Kwanza niliwaambia wanafunzi waulize kwao: ni kitu gani kikubwa kilikuwepo hapa na sasa hakipo, na mlijuaje kwamba kimekwisha? Mmoja wa Rhotia alileta habari za Ma'angwatay, nchi ile ya kale ambayo sisi Wairaqw tunasema tulitoka, na hakuna anayejua vizuri ilikuwa wapi. Mwingine, ambaye babu yake alikuja kutoka Dodoma, alileta habari ya shamba la kahawa: tajiri alikuwa ameshaondoka, na wafanyakazi waliendelea kupalilia kwa muda, wakingoja king'ora. Ndipo tukafungua Ghana na Songhai, na watoto waliziuliza maswali kama wanamwuliza jirani. Nani alikula vizuri wakati dola imeinuka? Ilipoanguka, nani hakuona tofauti yoyote? Kitu gani kilibaki, mazao, dini, lugha, njia za biashara? Kulinganisha dola ni huko, wanangu. Kuangalia zilizofanana si kazi, zote huanguka. Angalieni zilipoachana.

Maswali mengi sikuyajua, nikajifunza kusema sijui. Mara ya kwanza nilipolisema neno hilo mbele ya darasa, wanafunzi waliinamisha vichwa kama msibani.

Naserian mwenyewe nilimwomba sana kwamba kwenye mtihani aandike zile sababu tano, na habari ya lango aiache kwa siku nyingine. Hakunisikia. Akapata C ya historia, wakati Rehema, aliyekariri jedwali lote mpaka na ule mstari wa pembeni, alipata A. Leo Naserian ni daktari wa mifugo, anazunguka huko huko nyandani na sanduku la chanjo. Nikimtania kwamba ameikimbia historia, ananiambia, "Madam, wakati wa emutai ng'ombe walikufa wote kwa sababu chanjo haikuwepo."

Lakini nimeruka. Kabla ya hiyo C kulikuwa na mahafali ya kidato cha nne, na Mzee Lekishon alikuja. Hatukumtarajia. Alikaa mstari wa mbele kwenye viti vya plastiki, shuka safi, akasikiliza hotuba zote, na hotuba za mahafali mnazijua. Watu walipokwenda kula pilau, alinifuata.

"Koko amekufa," akaniambia. "Wakati wa mvua."

Nikampa pole.

"Baada ya nyinyi kuondoka," akasema, "nilianza kukaa naye mimi. Jioni, nikimaliza ng'ombe. Nilikuwa namwuliza kidogo kidogo. Mtoto akirudi likizo tunamsikiliza wawili." Akawatazama watoto waliokuwa wanapiga picha na maua ya plastiki. "Alikuwa anajua mambo mengi sana, mama. Nilimpata kwa muda mfupi tu. Mtu nimekaa naye maisha yangu yote."

Tulisimama pale mpaka wakaja kumwita akale.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumamosi. Nilipanda bodaboda kwenda Rhotia kwa mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa hai bado, mzee, anakaa na mdogo wangu. Nilimkuta barazani anapukuchua maharage. Aliponiona bila mzigo akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, nimekuja kumwuliza jambo. Nikamwuliza watu wetu walitoka wapi kabla ya Rhotia, kabla hata ya Mbulu, na nini kiliwatoa huko.

Mama akaacha maharage, akanitazama.

"Si wewe ndiye mwalimu wa hayo?"

"Ndiyo, mama."

"Umefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo, hukuwahi kuniuliza."

"Sikuwahi, mama."

Akacheka mpaka akashika ubavu, akamwita mdogo wangu aje asikie, nami nikakubali kuchekwa kwa sababu sikuwa na utetezi. Kisha akasogeza ungo, akanionyesha mahali pa kukaa, akaanza. Alianza na watu ambao sikuwahi kusikia majina yao, walivyoondoka na moto kwenye chungu, nani alibeba mbegu, nani alikataa kuondoka. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi nisogee karibu. Alipofika kwenye mto ambao walishindwa kuuvuka, kichwa kikamwinamia kifuani, akasinzia.

Nikavuta ungo wa maharage nikaanza kupukuchua, taratibu, nisimwamshe, nikisubiri aendelee.